Moto kama dawa: Agnikarma ni nini, na tuulize nini mbele ya kukubali kuchomwa

Agnikarma ni matibabu ya zamani ya India. Munganga anatia chombo fulani moto, kisha anagusa nacho ngozi ya mugonjwa kwa muda mufupi sana, juu ya kupunguza maumivu, kumaliza kinundu ao kusimamisha damu. Jina linatoka mu luga ya Kisanskriti: agni ni moto, karma ni kazi. Ni tawi moja la Ayurveda, elimu ya uganga ya India, na mpaka leo ingali inafundishwa mu vyuo vikubwa vya inchi ile.

Juu ya nini tuizungumuzie huku Lubumbashi? Kuko sababu mbili. Ya kwanza, Wakongomani wanaenda India kutafuta matibabu, na wenye kurudi wanaleta habari ya mambo wameona kule. Mu telefone pia kunapita video: mutu anaguswa goti na chuma cha moto, dakika moja kisha anasimama na kutembea. Wengi wanajiuliza kama ni kweli.

Ya pili njo ya maana zaidi. Hata mutu mwenye hajasikia hata siku moja jina Agnikarma, anaweza kukutana na shauri la namna hii: mutoto ana homa siku ya tatu, tumbo limevimba, ni usiku, na mukubwa mumoja wa jamaa anasema, «Hii haiko ya hospitali, hii inataka moto.» Saa ile, muzazi anapaswa kuchagua haraka. Ndiyo maana ni vizuri kujua mbele ya wakati: moto unaweza kufanya nini mu mwili wa mutu, na hauwezi kufanya nini.

Ilitoka wapi?

Kitabu chenye kueleza Agnikarma kwa urefu kinaitwa Sushruta Samhita. Ni kitabu cha upasuaji, na kina jina la Sushruta. Desturi ya India inasema kama alifundisha ku Kashi, muji wenye leo unaitwa Varanasi, pembeni ya muto Ganga. Wataalamu wanaona kama kitabu kile hakikuandikwa na mutu mumoja siku moja. Mikono mingi iliongeza na kutengeneza mu karne nyingi, na sehemu kubwa iko na zaidi ya miaka 1500.

Sehemu yake ya kwanza inafundisha vyombo na kanuni. Mulango wa 11 unaeleza dawa kali yenye kutengenezwa na majivu ya mimea. Mulango wa 12 wote unaeleza moto. Mulango wa 13 unaeleza ruba, wale wadudu wa maji wenye kunyonya damu. Kwa hiyo moto haukuwa uchawi ao jambo la kujaribu-jaribu. Ulikuwa chombo kimoja kati ya vyombo vingine, chenye fasi yake na mipaka yake. Kitabu kinausifu: kinasema kama ugonjwa wenye umechomwa vizuri haurudi, na kama moto unaweza kusaidia fasi dawa na kisu vimeshindwa. Lakini mulango ule ule wenye kuusifu unaufungia pia mipaka, na tutaiona hapa chini.

Namna gani wanaifanya?

Wanganga wa zamani walichagua kitu cha kuchoma nacho kufatana na fasi ugonjwa uko. Juu ya ngozi tu, walitumia vitu vya kushika moto kidogo: mbegu ya pilipili ndefu, mavi ya mbuzi yenye yamekauka, jino la ngombe, ao kijiti cha chuma. Juu ya nyama ya ndani, walitumia metali. Juu ya mishipa, viungo na mifupa, walitumia asali, sukari nguru ao mafuta ya moto, juu vitu vile vinashika moto kwa muda murefu na kuufikisha ndani zaidi.

Siku hizi wanganga wengi wa Agnikarma wanatumia kijiti chenye kuchanganywa metali tano, shaba ikiwa moja yao. Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa shaba. Babu zetu waliiyeyusha na kutengeneza misalaba ya shaba mbele wazungu hawajafika, na tarehe 30/6/1911 tanuru ya Union Minière ilimwanga shaba yake ya kwanza hapa Lubumbashi. Shaba inapitisha moto mara 5 hivi kupita chuma. Kwa hiyo inatoa moto wake haraka ku ngozi, na munganga anaweza kugusa na kutoa mukono mbio.

Kazi yenyewe inaendeleaka hivi. Wanasafisha ngozi. Munganga anatafuta kwa kidole fasi yenye inauma zaidi. Kijiti kinatiwa moto mpaka kiwe chekundu ncha yake, kisha anagusa kidogo na kuondoa. Kitabu cha zamani kinataja alama za namna nne: nukta, mistari, duara, na kusugua. Kwa goti ao kisigino, mara nyingi ni nukta ndogo-ndogo zenye kuachana. Kisha wanapakaa kitu cha kutuliza. Kitabu kinataja asali na samli, ni kusema siagi ya ngombe yenye imeyeyushwa. Leo wengi wanaweka maji ya alovera.

Sushruta anagawanya pia kuungua mu namna nne. Ya kwanza, ngozi inabadilisha rangi tu. Ya pili, malengelenge yanatoka na maumivu yanakuwa makali: ile ni kuchoma vibaya. Ya tatu ni kuchoma sawasawa: kidonda hakiingii ndani, na rangi yake iko sawa tunda la mvumo lenye limeiva. Ya ine ni kuchoma kupita kipimo: nyama inaachana, mishipa inaharibika, mugonjwa anapata homa, kiu na kuzimia. Ni kusema, hata wazee wale waliona wazi kama kati ya dawa na kuharibu mutu kuko hatua moja tu.

Watu wenye hawapaswi kuchomwa

Hapa njo kuko jambo lenye tungependa kila musomaji ashike. Watu wanaposema «ni desturi ya zamani», wanafikiri desturi inaruhusu kila kitu. Haiko vile. Mulango wa 12 wa Sushruta unataja wazi watu wenye hawapaswi kuguswa na moto. Kati yao kuko:

- mutoto mudogo;
- muzee;
- mutu mwenye hana nguvu;
- mutu mwenye kuogopa sana;
- mutu mwenye damu inatoka ndani ya mwili;
- mutu mwenye tumbo ao matumbo yamepasuka;
- mutu mwenye kitu cha kigeni kingali ndani ya mwili, kama kipande cha chuma ao muti;
- mutu mwenye vidonda vingi.

Kisha kitabu kinaongeza: wote wenye hawaruhusiwe kutiwa jasho kwa mvuke, hawaruhusiwe moto pia. Na mu liste ile ya pili kuko mwanamuke mwenye mimba, mutu mwenye amekosa damu, mutu wa ugonjwa wa sukari, mutu mwenye kukonda juu ya ugonjwa, mutu mwenye kutapika, na mutu mwenye amekunywa pombe. Hata majira ya mwaka yalihesabiwa: wakati wa joto kali walikataza kuchoma, isipokuwa hatari ilikuwa kubwa na hakuna njia nyingine.

Soma tena liste ile, kisha fikiria watu wenye sisi tunapeleka kwa moto: mutoto wa homa, mama mwenye amejifungua na kukosa damu, muzee mwenye mwili umeisha nguvu, mutu wa sukari mwenye muguu umekufa ganzi. Karibu wote wako ndani ya liste ya wale wenye desturi yenyewe ilikataa. Kwa hiyo mutu akikuambia, «Hata Wahindi wanafanya», unaweza kumujibu kwa heshima: ndiyo, lakini Wahindi walikataza kumuchoma mutoto.

Kuko jambo lingine la kukumbuka. Ku India leo, mutu mwenye kufanya Agnikarma mu hospitali anapaswa kuwa na diploma. Masomo ya kwanza ya Ayurveda yanachukua miaka 5 na nusu, pamoja na mwaka wa kujifunza kazi hospitalini. Kwa tawi la upasuaji anaongeza miaka 3. Na hata vile, mabishano hayajaisha. Mwezi wa 11 wa mwaka 2020, baraza la serikali lenye kuongoza uganga wa asili wa India lilitangaza liste ya operesheni 58 zenye wapasuaji wa Ayurveda wanaruhusiwa kufanya. Shirika kubwa la madaktari wa India lilikataa, na tarehe 11/12/2020 madaktari wengi waliacha kazi zisizo za haraka juu ya kuonyesha hawakubali.

Inasaidia kweli?

Kwa maumivu fulani, kuko wagonjwa wenye wanapata nafuu. Agnikarma inatumiwa sana juu ya kisigino chenye kuuma asubuhi, kiwiko chenye kuuma juu ya kazi ya mukono, goti lenye kuchoka, mugongo wenye maumivu yanateremuka mu muguu, na sugu za ku nyayo. Wanganga wa India wamefanya utafiti, na mara nyingi wagonjwa wanasema maumivu yamepunguka.

Lakini tuseme ukweli wote. Utafiti mwingi ni wa wagonjwa wachache. Tena ni vigumu kupima moto sawa wanapima kidonge. Kwa kidonge, unaweza kumupa mutu mwingine kidonge cha uongo bila yeye kujua. Kwa moto, kila mutu anajua kama amechomwa, na mutu mwenye amevumilia kuchomwa anatamani sana kuona imesaidia. Tena maumivu ya kisigino ao ya kiwiko yanaweza kupunguka yenyewe kisha miezi fulani, hata bila dawa.

Namna gani moto unaweza kutuliza maumivu? Kuko maelezo yenye madaktari wanatumia. Mu mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kama mu uti wa mugongo kuko kitu sawa mulango, wenye unaweza kupunguza ao kuacha habari ya maumivu ipite kwenda ku ubongo. Habari nyingine ikifika, ile ya zamani inaweza kufungiwa njia. Ndiyo maana ukijigonga, unasugua haraka fasi ile na unasikia nafuu. Moto unaongeza pia damu ku fasi yenye umeguswa. Maelezo hayo yanafaa kwa maumivu. Lakini hayasemi kama kitu chenye kuleta maumivu kimetoka. Goti linaweza kunyamaza siku chache, huku mufupa unaendelea kuliwa na mikrobi.

Si India peke yake

Moto kama dawa uko karibu kila fasi mu historia. Mu dunia ya Waarabu, munganga al-Zahrawi wa Cordoba, karibu mwaka 1000, aliandika kitabu kikubwa cha uganga, na sehemu yake ya upasuaji inaanza na kuchoma kwa chuma cha moto, pamoja na picha za vyombo. Oman mpaka leo watu wanaita kuchoma kwa dawa wasm. Waislamu wa kwetu, kama vile wa Kasongo na Kindu, wanajua hadithi yenye Mutume anataja mambo matatu ya kuponya, asali, kuumika na moto, kisha anakataza watu wake moto. Wanazuoni wengi wanaeleza kama moto ni wa mwisho kabisa, kama njia nyingine zote zimeshindwa. Waarabu wako hata na mezali yenye kusema dawa ya mwisho ni kuchoma.

Somalia, wanganga wengi wa asili wanachoma ngozi na kijiti cha moto juu ya ugonjwa wa macho ya manjano. Fasi mbalimbali za Afrika ya Mashariki, wamechoma tumbo juu ya bandama yenye imevimba, kile kiungo cha upande wa kushoto chini ya mbavu.

Ulaya pia ilichoma. Kwa muda murefu wapasuaji wa vita walimwanga mafuta ya moto mu vidonda vya risasi, wakifikiri baruti ni sumu. Mu mwaka 1537, karibu na muji wa Turin, mupasuaji kijana Mufaransa Ambroise Paré aliishiwa na mafuta. Akapakaa wale wenye walibaki dawa ya kiini cha yai, mafuta ya maua na utomvu wa muti. Usiku hakulala, akiogopa atawakuta wamekufa. Asubuhi aliona kama wenye hawakuchomwa walipumuzika vizuri, na wenye walichomwa walikuwa na homa na uvimbe. Kutoka siku ile aliamua kuacha. Paré alikubali kubadilisha desturi ya waalimu wake kisha kuona kwa macho yake.

Na hospitali za leo zingali zinatumia moto, lakini moto wenye kupimwa. Mu chumba cha operesheni, daktari anafunga mishipa midogo ya damu na chombo cha umeme. Mu mwezi wa 10 mwaka 1926, ku Boston, mupasuaji Harvey Cushing alitumia chombo cha namna ile chenye kilitengenezwa na William Bovie, na kazi hiyo ikaenea dunia yote. Mwaka 2019, Shirika la Afya la Dunia lilitoa kanuni za kuchoma alama zenye kutangulia kansa ya mulango wa kizazi: kichwa cha chombo kinafika digri 100 hivi, kinagusa kwa sekunde 20 mpaka 30, basi. Mama anaweza kurudi nyumbani siku ile ile. Lakini mbele ya kugusa, wamekwisha kuangalia, kupima na kujua kitu wanachoma. Hiyo njo tofauti kubwa.

Na moto wa kwetu?

Mu nyumba zetu, moto wa dawa ni zaidi ule wa maji na mvuke. Mama mwenye amejifungua anakandwa na maji ya moto. Mutu mwenye mafua anajifunika blanketi juu ya chungu cha majani. Mutu wa mugongo anawekewa kitambaa cha moto. Joto la kiasi linalegeza misuli, na madaktari pia wanashauri kitambaa cha uvuguvugu kwa maumivu mengi. Watoto wa SS, wenye mifupa inauma, wanasaidiwa na joto la kiasi pamoja na maji mengi ya kunywa, lakini hawapashwe kuacha dawa za hospitali.

Shida ni kipimo. Maji ya digri 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mutu mukubwa kwa sekunde 5 hivi. Ya digri 70, kwa sekunde moja hivi. Maji yenye yanatoka kuchemuka ku mbabula yanapita kabisa pale. Ngozi ya mutoto ni nyepesi zaidi, inaungua mbele. Kipimo rahisi ni hiki: mwenye kukanda atie kiwiko chake mu maji. Kama yeye hawezi kuvumilia, mama mwenye amejifungua asiwekewe. Na kama damu ya kisha kuzaa inaendelea kutoka mingi, kukanda hakutaisimamisha. Ile ni ya kupeleka hospitali saa ile ile.

Hatari inatokea wapi?

Hatari ya kwanza ni kupoteza wakati. Inchi yetu njo ya pili mu dunia kwa malaria, kisha Nigeria. Mutoto wa malaria anaweza kuvimba bandama, na mutu akichoma ngozi ya juu yake, mikrobi iko mu damu, moto haufikie. Kipimo cha haraka, ile wanaita TDR, kinatoa jibu kisha dakika 15 mpaka 20. Ni wakati mufupi kupita ule wa kutafuta makala na kuwasha mbabula. Ni vile vile kwa mutoto mwenye kupumua mbio na mbavu zinaingia ndani: ile ni mapafu, inataka dawa ya kuua mikrobi. Na macho ya manjano yanaonyesha shida ya maini ao ya damu, yenye haiko ku ngozi.

Hatari ya pili ni kidonda chenyewe. Watu wanasema chuma chekundu hakina mikrobi, na ni kweli kwa chuma. Lakini ngozi yenye imeungua inakufa, na kuanzia siku ile ni mulango wazi. Vumbi, inzi, majivu na majani yenye kupakaliwa vinaingiza mikrobi, pamoja na ya tetanosi. Kama mbele ya kuchoma wamechanja na wembe wenye umetumiwa kwa wengine, kuko pia hatari ya ukimwi na ya ugonjwa wa maini wa B.

Hatari ya tatu ni kwa mutu mwenye hasikii maumivu. Mutu wa sukari wa miaka mingi, ao mwenye aliguswa na ukoma, anaweza kuwa na muguu wa ganzi. Anachomwa, hasikii, wanaendelea. Kidonda kinafika ku mufupa, na mwisho muguu unaweza kukatwa.

Hatari ya ine inaonekana kisha miezi. Ngozi nyeusi inapenda zaidi kutoa makovu yenye kuvimba na kukua. Yakiwa ku kiungo, kama vile ku kiwiko ao ku goti, yanaweza kuvuta ngozi na kuzuia mutu kunyoosha muguu ao mukono wake.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kukubali

Hatuandike haya juu ya kuzarau wanganga wa asili. Wengi wanajua kazi yao, na wenye hekima njo wa kwanza kusema, «Huyu apelekwe hospitali.» Munganga muzuri hakasirike ukimuuliza:

1. Ugonjwa huu unaitwa nini, na umejuaje?
2. Mugonjwa amepimwa malaria, damu na sukari?
3. Unachoma juu ya kupunguza maumivu, ao juu ya kutoa ugonjwa wa ndani?
4. Mugonjwa iko mutoto, muzee, mama wa mimba, ao mutu wa kukosa damu?
5. Utachoma fasi ngapi, na kidonda kitaangaliwa na nani kisha hapo?
6. Ikishindwa, tutaenda wapi, na kisha siku ngapi?

Kama jibu la ulizo la pili ni hapana, anza na kupima. Maumivu ya goti yanaweza kungoja siku moja. Homa ya mutoto haiwezi kungoja. Na kama jibu la ulizo la ine ni ndiyo, kataa moto. Hata Sushruta angekataa.

Kama mutu amekwisha kuungua

Iwe ni juu ya chuma, maji ao makala, mambo ya kufanya ni yale yale:

- Mwanga maji safi ya baridi ya kawaida juu ya fasi yenye imeungua kwa dakika 20. Usitie barafu.
- Vua pete, saa na nguo zenye kubana, mbele ngozi haijavimba. Nguo yenye imeshikamana na ngozi, usiivute.
- Usipakaze dawa ya meno, yai, mafuta ya mawese, unga ao majivu. Vinashika joto ndani na kuleta mikrobi.
- Usipasue malengelenge.
- Funika na kitambaa safi, bila kukaza.
- Uliza kituo cha afya kuhusu sindano ya tetanosi.

Enda hospitali bila kungoja kama mwenye ameungua ni mutoto mudogo; kama fasi imepita ukubwa wa kiganja cha mugonjwa mwenyewe; kama ni ku uso, mikono, nyayo, sehemu za siri ao kiungo; ao kama ngozi imekuwa nyeupe ao nyeusi na haiumi. Kutokuuma pale haiko alama ya kupona. Ni alama kama moto umeingia ndani. Hapa Lubumbashi, hospitali kubwa ya jimbo ni Jason Sendwe. Mu majimbo mengine, kituo cha afya cha karibu kitakuongoza ku hospitali kuu ya eneo lenu.

Tufunge hivi

Kila mwaka tarehe 31/8, Afrika inakumbuka siku ya dawa za asili, na ni vizuri, juu mimea na maarifa ya wazee ni mali yetu. Lakini kuheshimu wazee ni kushika maarifa yao yote, pamoja na fasi walisema «hapana». Watu wenye waliandika kitabu cha moto mu India waliweka mutoto kati ya wenye moto haupaswi kuwagusa, pamoja na muzee na mutu wa bila nguvu. Usiku ule wenye mutu atasema «hii inataka moto», kumbuka hilo, beba mutoto, enda akapimwe kwanza.